Hilali Mbili Ndani ya Ubongo

Wasomaji wetu wa kila Ijumaa watatuwia radhi. Wiki iliyopita tuliahidi kwamba safu hii ingeendelea na mazungumzo ya sukari na macho, na mazungumzo hayo tutayarejea in shaa Allah. Limezuka jambo ambalo halikustahiki kungojea, na aliyelileta ni jirani yangu, mama wa makamo ambaye mumewe ni sahibu wangu wa miaka mingi.

Alinijia baada ya swala ya alasiri, simu mkononi. Mkono wa kulia wa mumewe, mzee wa miaka 68, umekuwa ukitetemeka tangu mwaka jana. Mwana wao aliyeko Birmingham alikuwa ametuma ujumbe mrefu akisema kwamba huko aliko, mgonjwa kama huyo huweza kupigwa picha ya ubongo kwa dawa yenye mnururisho, na picha hiyo ikaonyesha kama chembe za fahamu zinazotoa dopamini zi hai au zimekufa. Bila ya picha hiyo, aliandika, hakuna atakayejua baba ana nini. Jamaa walikwisha kukaa kikao. Kiwanja chao kule Mtwapa kilikwisha kupata mnunuzi, na fedha zake zingempeleka mzee Bara Hindi, pamoja na mtu wa kumshika mkono.

"Maalim," aliniambia, "nieleze picha hiyo ni kitu gani hata iuziwe kiwanja."

Nilimwomba siku mbili nisome na niulize wanaojua. Haya ndiyo niliyomjibu, nami nayaandika kwa kuwa nyumba yenye mzee anayetetemeka si hiyo moja tu katika mji wetu.

Asili ya jambo hili iko mbali na hospitali, tena iko mezani. Mwaka 1911 kijana wa Kihungari aitwaye George de Hevesy alikuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza, katika maabara ya Ernest Rutherford. Alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya bibi mmoja aliyewapikia wapangaji wake, naye akashuku kwamba mabaki ya nyama ya Jumapili hurudishwa mezani katikati ya wiki yakiwa yamegeuzwa sura tu. Bibi mwenye nyumba alikana. Basi siku moja, kama kisa kinavyosimuliwa, de Hevesy alitia kiasi kidogo mno cha kitu chenye mnururisho katika mabaki yaliyokuwa sahanini mwake. Siku chache baadaye alikuja na chombo cha kupimia mnururisho, akakisogeza kwenye chakula kipya, na chombo kikatoa ushahidi. Sina haja ya kueleza bibi yule alivyokasirika.

Mzaha huo ulikuwa na elimu ndani yake. Rutherford alikuwa amempa kijana huyo kazi ya kutenga kitu kimoja chenye mnururisho kutoka katika risasi, ile madini nzito ya kijivu, naye alijitahidi muda mrefu asifaulu. Sababu yake ni kwamba kitu kile kilikuwa risasi yenyewe, tofauti yake ni kwamba hiki kinatoa miale na nyingine haitoi. Mtu mwingine angesikitika. Yeye alifikiri: maadamu viwili hivi havitengeki, basi kila iendako risasi na hiki kitakwenda, nacho kitanitolea habari njia nzima. Mwaka 1923, akiwa Copenhagen, aliitumbukiza mizizi ya maharagwe makubwa, yale ambayo Waarabu huyaita ful, katika maji yenye risasi ya namna hiyo, akapima ni kiasi gani kimefika mizizini, shinani na majanini. Kwa kazi hiyo ya kifuatilizi, yaani kitu kidogo kinachotiwa ndani ili kifuatwe, alitunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943.

Msomaji ayaweke maharagwe yale akilini, tutayahitaji.

Sasa tuje kwenye dopamini. Chini kabisa katikati ya ubongo wa mwanadamu kuna vijisehemu viwili vyenye rangi nyeusi, kimoja kila upande, ambavyo mpasuaji huviona kwa macho matupu. Chembe za fahamu zilizomo humo hutoa nyuzi ndefu nyembamba zinazopanda hadi kwenye kituo cha ndani zaidi kiitwacho straiatamu, na huko zikamwaga dopamini. Dopamini ndiyo inayofanya mwendo uanze kwa wepesi na uende kwa ulaini: mtu akitaka kusimama, asimame; akitaka kufunga kifungo cha kanzu, kidole kitii. Chembe hizo zikifa kidogo kidogo, mwendo huanza kuwa mzito. James Parkinson, tabibu wa London, aliyaeleza maradhi hayo mwaka 1817 kwa habari za watu sita, ambao baadhi yao aliwaona njiani tu wakipita. Alieleza vizuri alichokiona, ila sababu hakuijua, na baada yake ilipita zaidi ya karne nzima nayo haijajulikana.

Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden na wenzake waliwapa sungura dawa iitwayo reserpini, sungura wakakaa kama vinyago, masikio yameanguka. Walipowadunga kitu kiitwacho levodopa, ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, sungura wakaamka. Miaka mitatu baadaye, Oleh Hornykiewicz na mwenzake mjini Vienna walipima ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson na kukuta kwamba dopamini katika straiatamu imepungua vibaya. Levodopa ikawa dawa, na hadi leo hakuna iliyoishinda. Tena, levodopa hiyo ilikwisha kutolewa tangu mwaka 1913 na Marcus Guggenheim huko Uswisi, na aliitoa katika maharagwe yale yale ya ful. Nasi tusijione tumeachwa nyuma: upupu wetu, ule unaowasha ngozi mpaka mtoto akalia, mbegu zake zina levodopa nyingi kuliko ful, kiasi cha 5 katika kila 100 ya uzito. Wahindi wameutumia katika tiba zao kwa karne nyingi. Hata hivyo naomba asitokee mtu wa kusaga mbegu za upupu jikoni kwa sababu ya makala haya. Kipimo chake hakijulikani kwa kuangalia, na kinachomwamsha mgonjwa kikizidi humtapisha, kikamvuruga akili na kumshusha shinikizo la damu.

Lakini angalieni ulipokuwa ugumu. Hornykiewicz aliweza kupima dopamini kwa sababu wagonjwa wake walikuwa maiti. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo, ilibidi mtu afariki ndipo ubongo wake uhojiwe. Kwa aliye hai, daktari alikuwa na macho yake na vidole vyake tu. Hapo ndipo fikra ya de Hevesy ilipokuja kufaa. Mwaka 1983 Stephen Garnett na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada, waliichukua dopa, wakaiambatanisha na atomi ya florini yenye mnururisho, wakaidunga mshipani mwa mtu mzima wa afya. Dopa ile ilipanda ubongoni, ikaingia katika chembe zinazoihitaji, ikahifadhiwa humo. Mashine iliyozunguka kichwa ilipokea miale, na kwa mara ya kwanza ikaonekana picha ya sehemu mbili zinazong'aa ndani ya mtu aliye hai anayezungumza.

Njia hiyo ya florini hutumia mashine iitwayo PET. Ni njia nzuri ila ina haraka kubwa: florini hiyo hupoteza nusu ya nguvu yake kila dakika 110. Ikitengenezwa asubuhi na msafara wa magari ukaziba daraja, imeharibika. Kwa hiyo huhitaji kiwanda kidogo kiitwacho saiklotroni karibu na hospitali. Njia ya pili, ambayo ndiyo aliyoitaja yule kijana wa Birmingham, ilikubaliwa Ulaya mwaka 2000 na Marekani mwaka 2011. Dawa yake ni aiyoflupeni, nayo hubeba aiyodini yenye mnururisho ambayo nusu yake hudumu saa 13 hivi, muda unaotosha kusafirishwa kwa ndege na kutumika siku ile ile.

Aiyoflupeni haiingii mlango ule wa dopa. Chembe inayomwaga dopamini ni kama mwenye nyumba mwenye iktisadi: ikimaliza kumwaga, huvuta iliyobaki na kuirejesha ndani ili itumike tena, na hufanya hivyo kupitia milango midogo iliyo kwenye ncha za nyuzi zake. Aiyoflupeni hunasa kwenye milango hiyo. Penye milango mingi pana mng'aro mwingi. Uzi ukifa, milango yake hufa nao, na pale pahali huwa giza. Kwa hiyo picha hii haioneshi dopamini yenyewe. Inachohesabu ni milango ya nyumba ambazo bado zina wakaaji.

Siku ya kupigwa picha ni siku ya subira kuliko ya maumivu. Kwanza mgonjwa hupewa aiyodini ya kawaida ya kumeza, ili tezi ya shingoni ishibe na isiivute ile yenye mnururisho. Baada ya saa moja hivi hudungwa sindano mkononi. Kisha hungoja kati ya saa 3 na 6, na katika muda huo anaweza kula, kuswali, kulala. Ndipo hulazwa chali, kichwa kimetulizwa, na kamera za gama hukizunguka polepole kwa dakika 30 hadi 45. Hakuna kelele za nyundo kama za mashine ya sumaku, wala hasukumwi ndani ya bomba refu.

Picha ikitoka, ubongo wenye afya huonyesha alama mbili mfano wa hilali changa, zimekaa bega kwa bega, kila moja ina kichwa kinene mbele na mkia unaorudi nyuma. Katika ugonjwa wa Parkinson mkia ndio unaofifia kwanza. Hilali hufupika, ikawa nukta. Aghalabu upande mmoja hutangulia, nao ni ule ulio mkabala na mkono unaotetemeka: mkono wa kulia ukitetemeka, hilali ya kushoto ndiyo iliyokatika mkia zaidi. Na jambo la kusikitisha ambalo picha hizi zimelithibitisha ni kwamba, kufikia siku ambayo jamaa wanaona mkono ukitikisika kwa mara ya kwanza, karibu nusu ya milango hiyo, au zaidi, imekwisha kutoweka. Maradhi hukaa kimya miaka mingi kabla ya kubisha hodi.

Mama yule aliniuliza kuhusu hofu ya miale. Mnururisho anaopokea mgonjwa katika picha hii ni kiasi cha milisivati 4. Mwanadamu wa kawaida hapa duniani, bila ya kwenda hospitali yoyote, hupokea kwa wastani milisivati 2.4 kila mwaka kutoka katika ardhi, hewa na anga. Kwa hivyo picha moja ni sawa na kuishi chini ya miaka miwili. Mgonjwa huambiwa anywe maji mengi na aende haja ndogo mara kwa mara ili dawa itoke upesi. Mja mzito hapigwi picha hii isipokuwa kwa dharura isiyoepukika, na anayenyonyesha hulazimika kukatiza kunyonyesha kwa muda.

Kuna mambo mengine mawili ambayo sikuona vyema kuyaficha, ingawa hospitali za huko hazina sababu ya kuyatangaza. Aiyoflupeni imetokana na ukoo mmoja na kokeini. Umbo lake lilibuniwa kwa kufuata la kokeini, kwa sababu kokeini nayo hunasa kwenye milango ile ile. Kiasi kinachodungwa hakifiki sehemu moja ya milioni ya gramu, wala hakilevyi, wala mgonjwa hahisi lolote. Pia ndani ya kichupa chake huwamo alkoholi kidogo ya kuyeyushia. Mwenye kutaka utulivu wa moyo juu ya hayo na aulize wanazuoni wetu kabla ya safari, sio akiwa amelala juu ya meza ya kamera. Na kwa kuwa tumetaja ukoo wa kokeini, tutaje na jamaa yake wa karibu na sisi: kathinoni iliyomo katika miraa na muguka ni ndugu wa amfetamini, na amfetamini hugombania milango hiyo hiyo na kuweza kuipotosha picha. Mtafunaji asimfiche daktari. Kadhalika baadhi ya dawa za huzuni na za kuongeza uangalifu. Levodopa yenyewe haidhuru picha.

Hadi hapo mama yule alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, na naamini moyoni alikwisha kuuza kiwanja. Nikamwambia bado hatujafika.

Picha hii hujibu swali moja: je, nyuzi za dopamini zimepungua au hazikupungua? Swali hilo ni zito pale daktari anapokwama kati ya mambo mawili. Kwa mfano, kuna kutetemeka kwa kurithiwa, ambako katika nyumba nyingine babu alikuwa nako, baba akawa nako, na sasa mwana. Hilali za watu hao ni kamili. Kuna pia usahaulifu wa uzeeni wa aina mbili zinazofanana kwa nje, ambao mmoja hula nyuzi hizi na mwingine hauzigusi, na hapo picha husaidia sana. Lakini ugonjwa wa Parkinson una binamu zake, maradhi makali zaidi yanayoua nyuzi hizo hizo, na picha haiwezi kuwatenga na Parkinson mwenyewe. Haisemi mtu ataishi vipi mwaka ujao. Wala haitibu. Na kwa mgonjwa ambaye dalili zake zi wazi mbele ya daktari mjuzi, hurudi na habari ambayo daktari alikuwa nayo kabla.

Dalili zenyewe, tena, nyingi ziko nyumbani. Tetemeko la Parkinson aghalabu huja mkono ukiwa umepumzika na hutulia mkono ukipewa kazi. Lile la kurithiwa ni kinyume chake: mkono ukipumzika umetulia, ila mpe kikombe cha kahawa uone kitakavyomwagika. Nilimwuliza mama: mkono wa mzee huonekana wapi zaidi? Akafikiri, akasema aliyeuona kwanza si yeye. Ni mjukuu wao wa miaka 9 anayeswali kando ya babu yake. Katika tahiyyatu, mikono imewekwa juu ya mapaja, mtoto aliona vidole vya babu vikisuguana kama anayehesabu tasbihi isiyokuwepo. Na kahawa? Kahawa hunywa bila ya kumwaga tone. Nikamwuliza juu ya kutembea. Akasema mkono wa kulia haupepei. Maandishi ya daftari la duka? Yamekuwa madogo, hayasomeki. Harufu? Hapo alinyamaza, kisha akasema mzee ameacha kusifu udi tangu miaka mitatu au minne nyuma, naye akidhani amekasirikiwa.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, nilimwomba jambo moja: alete mfuko wa dawa zote ambazo mzee hunywa, za daktari na za dukani. Nina sababu yangu.

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kisunzi. Duka moja la dawa lilimpa sinarizini, ikamfaa, naye akawa anajinunulia mwenyewe kwa miaka mitatu mfululizo bila ya cheti cha daktari na bila ya mtu dukani kumwuliza mpaka lini. Mwaka wa tatu uso wake ukakauka, akawa hatabasamu hata akifurahi. Hatua zikafupika. Mikono yote miwili ikawa inatetemeka. Sisi tulisema ni uzee; upande wa mkewe walisema ni kijicho, na zikatumika fedha katika hayo. Nami, nilijiona msomi, nilikuwa wa kwanza kusema ni Parkinson na hakuna la kufanya. Daktari mmoja hapa Mombasa alitazama mfuko wa dawa kabla ya kumtazama mgonjwa, akaitoa ile ya kisunzi, akasema tuanzie hapa. Ilichukua miezi, wala hakurudi kuwa kijana, lakini alirudi kufunga vifungo vyake mwenyewe, na alipofariki miaka kadhaa baadaye kwa maradhi mengine, mikono yake ilikuwa imetulia.

Sinarizini huziba masikio ya chembe zinazopokea dopamini, haziui zile zinazoimwaga. Metoklopramaidi ya kichefuchefu hufanya vivyo hivyo ikitumiwa muda mrefu, na haloperidoli pia. Lau ami angepigwa picha, hilali zake zingetoka kamili, na daktari angejua kwamba nyumba zi salama, mlango wa jirani ndio uliofungwa. Hapo picha ingekuwa na thamani. Lakini mfuko wa dawa ulitoa jawabu lile lile bila ya nauli. Nasisitiza, mtu asiachishe dawa ya mzee wake kwa kusoma makala. Baadhi ya dawa hizi ndizo zinazoshikilia akili ya mtu, na kuzikata ghafla ni hatari. Mfuko upelekwe kwa daktari.

Katika mfuko wa mzee wa jirani yangu hamkuwa na yoyote ya hizo. Mlikuwa na dawa ya presha, na marhamu ya goti.

Jamaa waliahirisha kumjibu mnunuzi wa kiwanja kwa wiki mbili. Mzee alipelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na madaktari hao ni wachache nchini, wengi wao wako Nairobi, kwa hivyo walisafiri usiku kwa treni. Daktari alimtembeza ukumbini, akamgongesha vidole, akamkunja kiwiko na kukikunjua, akamwandikisha jina lake mara kumi. Alikaa naye karibu saa nzima. Akasema kwa maneno yake dalili hizi hazimpi shaka, na akaandika levodopa kwa kipimo kidogo. Kijana wa Birmingham alipiga simu papo hapo akitaka kujua kwa nini haikupigwa picha, na kumbe Nairobi kuna mashine. Ni kweli, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilizindua PET na saiklotroni yake mwaka 2018, na kazi kubwa ya mashine za namna hiyo ni saratani. Daktari alimjibu kwa upole kwamba kuwa na mashine si sawa na kuwa na kifuatilizi cha dopamini, na kwamba angekuwa na shaka angekuwa wa kwanza kuwaomba wasafiri. Iwapo dawa haitaitikia, au dalili zikageuka njia, swali la picha litafunguliwa tena.

Mimi simlaumu kijana. Aliye mbali na baba yake hutaka kitu cha kushika, na picha hushikika kuliko neno la daktari asiyemjua. Ila hesabu ya kiwanja niliifanya pamoja na mama kwenye karatasi, yeye akitaja na mimi nikiandika. Levodopa ni ya kila siku, mara tatu kwa siku, kwa miaka yote aliyobakishiwa mzee, na kipimo chake hupanda. Kuna miezi haipatikani Mombasa, ikabidi kuagizwa kwa mtu wa Nairobi. Kuna nauli za kurudi kwa daktari, na mtu wa kumnyoosha viungo. Tulipofika chini ya karatasi, fedha za kiwanja zilikuwa zimekwisha, na hatujataja Bara Hindi.

Kiwanja hakijauzwa. Mzee yuko katika wiki ya tano ya dawa. Daktari alimwagiza mama aandike saa za kumeza na saa za kutetemeka, naye hajui kuandika upesi, kwa hivyo kazi hiyo amepewa mjukuu. Nimeliona daftari lake. Lina mistari ya rula, na kila swala ina safu yake. Katika safu ya magharibi ya Jumanne iliyopita ameandika: "Babu vidole vimenyamaza mpaka salamu."